Nani hakufika mkutanoni? Barua ya wazi kwa mabinti mnaoshika uongozi wa Girl Guides

Wanangu wa Unguja na Pemba,

Assalaamu alaykum. Habari zenu nimezipata barazani, kwenye simu ya mjukuu: kwamba nyinyi ambao juzi tu mlikuwa mnafundishwa kufunga mafundo ya kamba, sasa mnashika uongozi wa Girl Guides, chama cha skauti wa kike, na wengine mnatazamia hadi ngazi ya kanda ya Afrika. Hongereni sana. Hongera nimeshaitoa, yaliyobaki ni maneno ya bibi yenu, na bibi akishaanza kusema hakatizwi.

Jambo langu ni moja, ingawa nitalizunguka. Kabla hamjajifunza kusimama mbele ya ukumbi wenye wageni, jifunzeni kuuliza nani hakufika mkutanoni na kilichomzuia ni nini.

Nasema hivi kwa sababu mimi sikuuliza. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa katibu wa kikundi cha mabinti hapa Pemba. Hakikuwa cha Girl Guides, kilikuwa chetu tu. Nilikuwa na mwandiko mzuri na kalamu ya wino niliyoletewa na kaka yangu kutoka Mombasa, na nina hakika kalamu ile iliniongezea kura. Mikutano tuliifanya Chake Chake, Jumamosi baada ya alasiri, kwa kuwa saa hiyo ilinifaa mimi. Wa mjini walikuja. Wa Kojani na wa Makoongwe walikuja mara ya kwanza, mara ya pili wakapungua, mara ya tatu hatukumwona hata mmoja. Kwenye daftari nikaandika: "Hawakuhudhuria, bila ya udhuru." Kwa mkono wangu, tena kwa wino.

Udhuru ulikuwepo. Kojani ni kisiwa. Ukiondoka mjini, magharibi imeshaingia, gari za shamba zimekwisha, na hata ukibahatika kupata ya kukufikisha pwani, bado unamngoja mwenye mtumbwi akuvushe usiku. Mzazi gani atakubali binti yake wa miaka 15 asimame gizani akiita chombo? Na huyo baba wa kuombwa ruhusa mara nyingi hayupo. Wavuvi wa Kojani huenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, wakakaa huko wiki na miezi. Ruhusa inabaki kwa mjomba au kwa bibi, na mjomba hatoi ruhusa itakayomletea lawama shemeji akirudi. Haya yote niliyajua mwaka wa tatu wa ukatibu wangu, siku nilipokwenda huko kwenye maziko. Nilimkuta mmoja wa wale niliowaandika hawana udhuru. Akanitilia chai, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Bi Katibu, bado mnakutana jioni?" Nikainama, nikanywa chai yangu.

Kwa hiyo mkisikia mzazi amekataa, msikimbilie kusema ni ushamba. Nyinyi wa Unguja hasa, sikieni. Mkutano ukiwa Mjini, binti wa Pemba anateremka bandari ya Mkoani kupanda meli. Na hakuna mtaa hapa uliosahau Septemba 2011, meli iliyokuwa ikija Pemba ilipozama usiku karibu na Nungwi, wakapotea mamia. Wapo mama ambao tangu hapo hawafumbi jicho mtoto akiwa baharini. Mama huyo humtoi hofu kwa hotuba ya haki za mtoto wa kike. Unamwendea kwake, unavua viatu, unakaa mkekani. Unamwambia meli gani, saa ngapi, mtu mzima gani anafuatana nao, watalala nyumba ya nani, na namba ya simu ya huyo mtu mzima unamwachia mkononi. Akikataa, unaaga vizuri, unarudi wiki nyingine. Baraza moja ya Wete niliiendea mara tatu. Mara ya tatu mzee akaniambia niache kumpelekea halua, yeye anachotaka ni kujua watoto watarudi saa ngapi. Alikuwa na haki. Safari zote mbili za mwanzo sikumtajia saa.

Kila kizazi kimebisha hodi kwenye mlango wake. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1927, na mama yangu alinihadithia kuwa walikuwepo wazee walioona binti akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Uchaguzi wa 1957 walipiga kura wanaume peke yao. Wanawake tuliingia 1961. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mama alivaa buibui jipya, na aliporudi hakumwambia mtu kura yake kampa nani, hata baba hakuambiwa. Mwaka ule una mambo mengine mazito, si ya barua hii. Na hao Girl Guides asili yao ni wasichana ambao hawakualikwa: mwaka 1909 walijitokeza kwenye mkusanyiko wa skauti wa kiume pale Crystal Palace, London, wamevaa sare za kujitungia, wakataka nao wahesabiwe. Mwaka uliofuata wakapata chama chao. Leo mtaambiwa mwanamke wa Makunduchi amekuwa Rais tangu Machi 2021, sasa mnataka nini tena? Waitikieni vizuri. Kisha waulizeni nauli ya binti wa Kojani inatoka wapi.

Hapo kwenye nauli nisimame kidogo. Mtapewa kazi za kupokea wageni, kusoma risala na kuvisha watu mashada. Zipokeeni, hazina ubaya, na risala iliyosomwa vizuri si kitu kidogo. Lakini daftari la fedha nalo mliombe. Nimewahi kuwa mahali ambapo wasichana tulipika, tukapamba, tukaimba, na mfuko ukashikwa na mtu mzima mmoja aliyekuwa akitwambia, "Zipo, msiwe na wasiwasi." Hazikuwepo. Mshika fedha awe mmoja wenu, risiti zikae kwenye bahasha, na kila mwezi hesabu isomwe mbele ya wote, hata kama ni shilingi elfu tatu za maandazi. Na kifungu cha mwanzo kiwe nauli, kabla ya fulana na kabla ya bango.

Kwenye utaratibu wenu kuna kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, nacho nimekionea wivu: patroli, kikundi cha wasichana sita, saba au wanane, na anayewaongoza ni msichana mwenzao. Basi patroli ya Kojani ikutane Kojani, asubuhi, na aliye mjini ndiye avuke maji. Tazameni na kalenda. Ukiitisha semina katikati ya msimu wa karafuu, wenzenu wako chini ya mikarafuu wanaokota mpeta, zile karafuu zilizoanguka, na pesa ile ndiyo daftari na viatu vya skuli. Ramadhani sina haja ya kuwaambia.

Mengine kwa ufupi. Mimi nilikaa ukatibu miaka tisa, na siku niliyotoka hakuna aliyejua muhuri uko wapi. Ulikuwa kwenye kabati langu, chini ya kanga. Nyinyi andikeni miaka yenu ya kukaa mapema, wakati hakuna aliyekionea kiti utamu.

Mkifika kwenye vikao vya kanda mtakutana na wenzenu wa Rwanda, wa Ghana, wa Madagascar, na naamini kila mmoja ana Kojani yake. Waulizeni wanaivukaje. Kiingereza kikikwama, semeni polepole, kimewakwama na wakubwa kuliko nyinyi. Picha pigeni, mimi mwenyewe nitaziomba. Ila mkirudi, taarifa ya safari msianze kuitoa kwenye ukumbi wa mjini penye feni na maji ya chupa. Anzieni kwa wale ambao hawakufika.

Na mkishapanga siku ya kwenda Kojani nipigieni mapema. Magoti haya hayapandi tena chombo bila ya kushikwa mkono, lakini nitakuja. Yule aliyenitilia chai bado yuko, na yeye sasa ni bibi, na lile swali lake bado sijamjibu.

Bibi yenu,
Chake Chake, Pemba