Msilifungue lile shimo: barua kwa Kaka kuhusu choo chetu cha Mabatini, Mwanza

Visby, Gotland
Uswidi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba unifikishie shikamoo zangu kwa Bibi na Mama, na wifi umwambie nimefurahi kusikia amerudi kwenye biashara yake ya dagaa pale Mwaloni. Huku tu wazima. Theluji imeyeyuka, na kazi yangu ya kutunza wazee inaendelea vizuri.

Nimesikiliza ujumbe wako kuhusu choo chetu kikavu mwanzo hadi mwisho, kile ambacho mkojo unapita tundu la mbele kwenda kwenye dumu, na kinyesi kinadondokea nyuma kwenye chumba kikavu na kufunikwa kwa majivu. Unasema kinanuka, inzi wamezidi, Bibi anakikwepa, na wapangaji wanaomba lile shimo la choo cha zamani lifunguliwe. Nitajibu yote, lakini la shimo nalitanguliza kwa kuwa ndilo linaloninyima usingizi. Nakuomba sana, msilifungue.

Unakumbuka lilivyokuwa. Mafundi walichimba wakakutana na mwamba, wakaishia hapo hapo, ndiyo maana lilikuwa linajaa upesi. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kuzipanda zile ngazi za mawe. Kilichokuwa kinabaki ni kile ambacho mtaa mzima ulikuwa ukikifanya mvua kubwa ikianza, yaani kutapisha choo. Uchafu unateremka kati ya mawe, unapita milangoni kwa watu wa chini, unaingia mtaroni, unafika Mto Mirongo, kisha Ziwa Victoria. Na ziwa ndilo tunalolinywa baada ya kusafishwa, ndilo tunalovua, ndilo watoto wanaloogelea Jumapili. Mtu mwenye kichocho cha tumbo anatoa mayai kwenye kinyesi chake. Mayai yakifika majini yanaanguliwa, vimelea vinaingia kwenye konokono, vinazaliana humo, halafu vinatoka na kupenya ngozi ya yeyote anayeingia ziwani. Mayai hayo hayo yakibaki makavu ndani ya chumba chenye majivu, hayana pa kwenda. Hii peke yake inanitosha kukitetea choo chetu.

Sasa harufu. Choo kikavu kikitunzwa hakinuki, kwa hiyo chetu kinanuka kwa sababu fulani, na sababu yenyewe karibu kila mara ni maji. Kinyesi kikiwa kikavu kinatulia. Kikiloa, hata kwa mkojo tu, kinaanza kuoza, harufu inapanda na inzi wanataga. Naomba kesho asubuhi uende nyuma ya choo, ufungue mlango wa chumba kinachotumika, umulike kwa tochi. Lundo linatakiwa liwe la kijivu, kavu, likivunjika lipukutike kama udongo wa kichuguu. Ukiona linang'aa, au sakafu ina unyevu pembezoni, au funza wanatembea, basi maji yanaingia, na kazi ni kujua yanaingilia wapi.

Mimi nadhani yanaingilia kwenye kutawaza. Nyumba yetu ina wapangaji wengi na kila mtu anaingia na kopo lake la maji, jambo ambalo ni haki yake na ni usafi. Ndiyo sababu fundi alitengeneza ile sehemu ya tatu pembeni, yenye bomba lake linalopeleka maji kwenye kishimo cha kokoto karibu na mgomba. Mtu akimaliza anatakiwa asogee pale ndipo atawaze. Mpangaji mgeni nani amemwambia? Anatawaza pale pale juu ya tundu, na kopo zima linaishia kwenye kinyesi. Mwite kila mmoja, mke na mume, muingie nao mmoja mmoja na umwonyeshe kwa mkono: hapa mbele mkojo, hapa nyuma haja kubwa, hapa pembeni maji. Usibandike karatasi ukutani ukadhani umemaliza. Na anayeosha sakafu asimwage ndoo, apanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Kabla ya kulaumu wapangaji wote, angalia pia kile kifuniko cha tundu la nyuma, na kama mvua inapenya kwenye mlango wa chini. Mlango unatakiwa uzibe kabisa.

La pili ni bomba la mkojo. Uliposema mkojo "unasimama" kwenye sinki la tundu la mbele kabla ya kushuka, nilijua bomba linaziba. Mkojo ukikaa unabadilika, unakuwa mkali, na madini yaliyomo yanaganda kwenye kuta za bomba. Ukifungua ile elbo ya kwanza chini ya sinki utaona gamba jeupe lenye rangi ya manjano kwa ndani, gumu, limeshikana na nywele na majivu, na katikati pamebaki katundu kadogo. Gamba hilo linalainika kwa siki. Mwageni siki kali isiyochanganywa na maji jioni, choo kipumzike usiku kucha, asubuhi mpitishe waya wa kuzibulia na kumalizia na maji ya moto kidogo. Fanyeni hivyo kila mwezi, msisubiri lizibe. Ila nakusihi, mtu asimwage humo dawa ya kuondolea madoa yenye klorini. Ikikutana na mkojo inatoa hewa kali inayochoma macho na kifua, na chumba chenyewe ni kidogo.

Kama fundi aliacha bomba karibu limelala, libadilishwe literemke waziwazi, na pale lilipo na kona kali aweke kona pana. Mwisho wa bomba uzame hadi karibu na sakafu ya dumu, na mdomo wa dumu ufunikwe. Dumu likiwa wazi, harufu unayoisikia inatoka kwenye dumu, choo kinasingiziwa bure, na isitoshe ile hewa inayopotea ndiyo mbolea yenyewe.

Majivu najua mnayo, kwa sababu Mama bado anapikia mkaa. Yachekecheni, yapoe kabisa, yakae kwenye ndoo yenye kifuniko ndani ya choo, na kopo lake humo humo. Kila baada ya haja kubwa makopo mawili, na mtu anayeharisha aongeze. Majivu yanakausha, yanafunika, na ukali wake unaua vijidudu vingi. Yasipotosha, ongezeni pumba za mpunga au vumbi la mbao la seremala, lakini majivu yabaki kuwa mengi kuliko hivyo vingine. Wale mama ntilie wa stendi wanayatupa kila siku, wifi anaweza kuzungumza nao. Tahadhari ni moja tu, majivu yasiingie tundu la mbele, ndiyo yanayosaidia kuziba.

Kuna jambo ambalo wewe Kaka ndiye wa kulisema, kwa sababu likitoka kwangu halitasikika. Wanaume wasisimame. Wanaosimama wanarushia nyuma, wanalowesha kila kitu, halafu mke ndiye anayeonekana mchafu. Wakishindwa kabisa, wajengewe mkojoleo wao pembeni wenye bomba linalokwenda dumu lile lile. Hela ya hiyo nitatuma.

Watoto wadogo watumie poti, uchafu umwagwe nyuma na majivu juu yake. Mtoto akikosea akaweka haja kubwa mbele, msiisukume kwa maji. Nyunyizeni majivu, izoeni kwa karatasi, itupeni nyuma. Pampasi na pedi zisiingie kokote, ziwe na ndoo yake.

Sasa kuhusu kupakua, jambo linalomtisha Bibi. Anasema hajawahi kusikia mtu mwenye heshima zake anagusa kinyesi cha watu, na sitaki mtu yeyote nyumbani amcheke kwa hilo. Mwambieni hakuna atakayegusa kinyesi kibichi. Ndiyo maana vyumba ni viwili. Kimoja kikijaa kinafungwa, tunahamia cha pili, na kile kilichofungwa kinakaa mwaka mzima au zaidi bila kuongezewa hata kijiko. Andikeni tarehe ya kufunga kwa rangi kwenye mlango wa nyuma, isiwe kwa chaki. Mwaka huo si wa kupunguza, hata kama kwa macho kimeshakuwa udongo, kwa sababu mayai ya minyoo, hasa yale ya minyoo mikubwa ya tumbo, ni magumu kufa kuliko vijidudu vingine vyote. Ukiisha, mtu anavaa buti na glavu, anachota kitu kilichokwisha kuwa udongo, anakizika chini ya migomba. Halafu anaosha mikono kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi.

Bibi pia magoti hayamruhusu kuchuchumaa. Sidhani kama anakikwepa choo kwa imani tu. Mfanyieni kiti cha kukalia juu ya tundu, chenye mgawanyo ule ule wa mbele na nyuma, na kishikio cha bomba ukutani. Mimi kazi yangu ni wazee, naona kila siku mzee anavyoanza kupunguza kunywa maji ili asiende chooni. Naomba hili lifanyike kwanza, hata kabla ya bomba.

Mkojo ni mwingi kuliko tulivyofikiria, hapo una haki ya kulalamika. Mtu mzima anatoa lita 1 hadi 1.5 kwa siku, kwa hiyo watu kumi wanajaza dumu la lita 20 ndani ya siku mbili, na nyumbani mna miamba, si shamba. Lakini ndani ya dumu hilo ndimo ilimo sehemu kubwa ya nitrojeni inayotoka mwilini mwa mtu, na zaidi ya nusu ya fosforasi, vitu vile vile tunavyovinunua kwenye mfuko wa mbolea. Nashauri madumu yapakiwe kwenye guta kila wiki yaende shamba la Kisesa, kwenye mahindi na migomba. Mchimbe kifereji kando ya mmea, mmwagie, mfukie papo hapo. Msimwagie majani, yataungua. Mkitaka kumwagia mimea midogo, changanyeni dumu moja la mkojo na madumu matatu hadi matano ya maji.

Bustani ya mchicha ya wifi ndiyo ninayoiogopa. Mkojo wa watu wa nyumba moja, wanaokula mboga zao wenyewe, unaweza kutumika bila kuhifadhiwa mradi upite mwezi mmoja kati ya kumwagia na kuvuna. Shirika la Afya Duniani lilieleza hivyo kwenye miongozo yake ya mwaka 2006. Lakini wetu umechanganyika na wa wapangaji, na mchicha unavunwa kabla hata mwezi haujaisha, tena wifi anawauzia watu. Kwa mboga kama hiyo mkojo ungepaswa kukaa miezi 6 kwenye dumu lililofungwa. Bora mchicha tuuache, tusije tukamharibia jina.

Msidhani nawasukumia kitu cha shida kwa kuwa mimi niko Ulaya. Hapa Gotland maji yanapungua kila majira ya joto wageni wakifurika, na nyumba nyingi za mapumziko zina vyoo vya kutenganisha mkojo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Uswidi walianza mwaka 2021 kukusanya mkojo hapa kisiwani, wanaukausha, unakuwa mbolea ya kulimia shayiri. Wamelazimika. Bahari ya Baltiki imeshibishwa nitrojeni na fosforasi hadi mwani unatanda majini wakati wa joto, mbwa hawaruhusiwi kunywa wala watoto kuogelea. Nikiuona mwani ule nayakumbuka magugu maji yalivyokuwa yanafunga mitumbwi Kirumba, maana chakula chao ni kimoja.

Ila nimesoma pia habari za Durban, Afrika Kusini. Baada ya kipindupindu cha mwaka 2000 manispaa yao ilijenga vyoo kama chetu zaidi ya 75,000, na watu wengi hawakuvipenda, hasa kwa sababu ya harufu na kazi ya kupakua ambayo waliachiwa wenyewe. Ndiyo maana nasema choo chetu kiwe na mtu wake. Kama yule kijana anayewachotea maji yuko tayari kusimamia majivu, dumu na siki, alipwe kila mwezi, na alipwe vizuri. Wapangaji wakatiwe kiasi kidogo kwenye kodi kwa masharti kwamba sheria za choo zinafuatwa. Wapo watakaokataa. Waache waende, vyumba vya Mabatini havikosi watu.

Mwisho wa mwezi natuma hela kwa simu. Ni ya kiti na kishikio cha Bibi, bomba jipya na kona zake, mkojoleo wa wanaume, wavu wa juu ya bomba la hewa ambao umesema umetoboka, buti na glavu. Sitatuma ya kufungulia shimo, na nimeshamwambia Mama hivyo ili usibebe lawama peke yako.

Ukishamulika kile chumba nitumie picha, hata kama inatia kichefuchefu, na uniambie kama unyevu uko katikati ya lundo au pembezoni. Ukiwa katikati ni maji ya kutawaza. Ukiwa pembezoni ni mlango au ukuta, na hapo tutamwita fundi mwashi kabla masika hayajakolea.

Wabusu watoto. Msalimie na yule mzee jirani wa juu, umwambie nimemwombea.

Dada yako akupendaye.