Timu ilibeba makombe matatu, mwaka uliofuata haikuwepo

Mhariri, salamu kwako na kwa wote mnaokesha kuandaa gazeti. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naishi Workington, mji mdogo wa pwani huku Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu nikitoka shifti ya usiku. Naandika kwa sababu ya makala moja ya ukurasa wa michezo iliyosema kwamba huku klabu ndogo ikishatwaa ubingwa tu basi shida zake zimeisha, wadhamini wanajileta wenyewe, mashabiki wanajaa, pesa inaingia. Mwandishi wenu namheshimu sana ila hapo amekosea. Mimi nimeona kwa macho yangu klabu ikibeba makombe matatu ndani ya msimu mmoja, halafu mwaka uliofuata ikawa haipo kabisa, ndio maana naomba nafasi nieleze.

Mchezo wenyewe unaitwa spidwei, ni mbio za pikipiki za timu kwa timu. Najua wasomaji wengi hawajawahi kuuona kwa hiyo naanza na pikipiki yenyewe. Injini ni ya cc 500, silinda moja, inakunywa methanoli sio petroli, ina gia moja tu, na breki haina. Sijakosea kuandika, breki haina, si ya mbele wala ya nyuma. Waendeshaji wanne wanajipanga kwenye mstari, wawili wa timu hii na wawili wa timu ile, wenyeji helmeti nyekundu na bluu, wageni nyeupe na njano, tepu iliyokatiza mbele yao ikiruka juu wanaondoka, wanazunguka uwanja mara nne kwa kushoto, na wakifika kona wanaliachia gurudumu la nyuma liteleze lende nje huku mguu wa kushoto uliofungwa soli ya chuma ukiburuzwa chini. Dakika moja tu hivi, imeisha. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Mbio moja kama hiyo inaitwa hiti, kwenye mechi ziko 15, pointi zote zinafika 90, kwa hiyo ukisikia 46 kwa 44 ujue watu walitoka pale koo zimekauka.

Mara ya kwanza nilipelekwa na mfanyakazi mwenzangu pale Derwent Park, uwanja wa raga wa Workington Town ambao njia ya pikipiki ilikuwa imeuzunguka. Nilisimama kwenye kona ya kwanza kwa kutokujua, hiti ya kwanza tu changarawe ikanipiga usoni na kwenye koti kama mtu kanirushia mchanga wa konzi nzima, na harufu ile ya mafuta ya injini ikabaki kwenye nguo mpaka nilipozifua. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja na programu yake ya karatasi kaikunja mara mbili, anajaza kila hiti, nani kashika namba ngapi, jumla ya wenyeji, jumla ya wageni. Anatumia penseli, akaniambia kalamu ya wino mvua ikinyesha inagoma. Alikuwa anakuja tangu 1970, mwaka ambao Comets, timu ya spidwei ya Workington, walianza kukimbia pale. Ndiye aliyenifundisha kujaza, na mpaka leo siwezi kuangalia mbio bila penseli mkononi.

Sasa turudi kwenye hoja. Ligi ninayoisema ni daraja la pili la Uingereza, tangu 2017 inaitwa SGB Championship, kabla ya hapo iliitwa Premier League (sio ile ya mpira), na ukirudi nyuma zaidi utakuta majina mengine mengi. Daraja la pili lililowekwa chini ya British League, ligi ya juu ya spidwei wakati huo, lilianza 1968 na timu 10, bingwa wa kwanza Belle Vue Colts. Comets wakaingia miaka miwili baadaye, wakaacha kukimbia 1981, wakafufuka 1999. Miaka yote hiyo ubingwa wa ligi hawakuwahi kuuonja. Walikuja wakina Newcastle, Edinburgh, Sheffield, Glasgow, Rye House wakachukua, sisi tunapiga makofi.

Halafu ikaja 2018. Jamani ule msimu. Comets walibeba ligi, wakabeba kombe la mtoano, wakabeba na Championship Shield, makombe yote matatu. Na walifanya hivyo huku kijana wao Dan Bewley, mtoto wa huku huku Cumbria, akiwa ameumia vibaya katikati ya msimu. Ngoja niseme kidogo kuhusu huyu Bewley maana watu wanadhani daraja la pili ni la wazee waliochoka. Huyu kijana jina lake lilianza kutajwa akiwa na Comets, na 2021 alikuwa kwenye kikosi cha Uingereza kilichotwaa Speedway of Nations pale Manchester, taji la dunia la timu ambalo Waingereza hawakuwa wamelishika tangu 1989, na Agosti 2022 akashinda Grand Prix ya Uingereza pale Cardiff ndani ya uwanja mkubwa kabisa wa Wales. Kijana aliyekuwa ananirushia changarawe usoni kwenye kona ya kwanza! Nililia mbele ya TV na sioni aibu kusema.

Baada ya ile 2018 sisi mashabiki tulikuwa tunapiga hesabu za msimu ujao, nani atabaki, nani ataondoka, tukasikia hakuna msimu ujao. Klabu imejitoa, 2019 Comets hawapo. Bingwa wa makombe matatu. Mzee wangu yule nilimkuta madukani nikamuuliza, akatikisa kichwa tu akaendelea na safari yake.

Mwandishi wenu atauliza inawezekanaje. Inawezekana kwa sababu kwenye spidwei kushinda ni gharama, na hiki ndicho kitu ambacho mtu wa mpira hawezi kukijua mpaka aelezwe. Waendeshaji hawalipwi mshahara kama wachezaji wa mpira, wanalipwa kwa pointi. Kila mtu ana pikipiki zake, injini zake, gari lake la kubebea, fundi wake anamlipa mwenyewe, na wengi wa daraja la pili wiki ni kuzunguka barabarani kutoka uwanja huu kwenda ule, asubuhi wengine wana kazi zingine. Kwa hiyo timu yako ikishinda 60 kwa 30 nyumbani wewe promota, yaani mwenye kuendesha klabu, unalipa pointi 60, ikishinda 46 kwa 44 unalipa 46, na ule ushindi wa 60 ndio unaowafanya watu waanze kuondoka kwenye hiti ya 12 maana utamu umeisha. Timu inapokuwa nzuri sana bili inapanda na mlangoni watu hawaongezeki kwa kiasi hicho hicho. Mtu akinunua tiketi hanunui ushindi peke yake, ananunua wasiwasi, anataka afike hiti ya 15 hajui nani anashinda.

Na bado. Kila mwendeshaji ana wastani wake unaotokana na pointi alizopata, na timu inapoundwa jumla ya wastani wa watu wote saba haitakiwi kuvuka kikomo kilichowekwa na ligi. Ukifanya vizuri mwaka huu wastani wa watu wako unapanda, mwaka ujao hawaenei tena ndani ya kikomo, inabidi uwaachie. Yaani bingwa anavunjwa na ubingwa wake mwenyewe. Sisemi sheria ni mbaya, bila hiyo tajiri mmoja angekuwa anachukua kila mwaka, ila nataka ieleweke kwamba kombe halikupi timu ya kesho. Wala halikupandishi daraja. Huku hakuna kupanda na kushuka kama mpira, Poole wenyewe walitoka juu wakaamua kushuka kwa hiari yao, 2021 wakawa bingwa wa daraja la pili, 2022 tena.

Lakini kwangu mimi kinachoua zaidi ni uwanja. Klabu nyingi za spidwei hazina uwanja wake, zinapanga, mara kwa watu wa mbwa za mashindano, mara kwa raga, na siku mwenye ardhi akiona nyumba zinalipa kuliko changarawe basi kwaheri. Mwaka ule ule wa 2018 Lakeside Hammers, tuliokuwa nao ligi moja, waliupoteza uwanja wa Arena Essex. Coventry, timu kubwa kabisa ya daraja la juu, mbio za mwisho kwenye uwanja wao wa Brandon zilikuwa 2016. Swindon msimu wao wa mwisho 2019. Peterborough na Wolverhampton wote 2023. Hata huku Workington mambo ya uwanja mpya yalikuwa yanazungumzwa na kuzungumzwa, promota gani atawekeza kwenye sehemu ambayo hajui mwaka kesho atakuwa na ufunguo wa geti au hana? Na hata ambao uwanja bado ulikuwepo hawajapona wote, maana Eastbourne walijitoa 2021 msimu ukiwa katikati, na Newcastle, waliowahi kuwa mabingwa 1976, wakajitoa 2022 vile vile msimu haujaisha.

Watu wanasema ni mchezo wa wazee, vijana hawautaki, ndio maana unakufa. Mimi sikubali. Angalieni Oxford. Walifunga milango 2007, miaka imepita mtoto aliyezaliwa mwaka ule ameshafika kidato, lakini uwanja wa Cowley ukabaki umesimama haujajengwa nyumba, na 2022 Oxford Cheetahs wakarudi kwenye daraja la pili kama vile walikuwa wamelala tu. Scunthorpe nao walichonga njia yao wenyewe wakaanza kukimbia 2005, na 2012 wakawa mabingwa wa daraja la pili. Sehemu ikiwepo watu wanakuja. Nimewaona watoto pale kwenye uzio wamevaa miwani ya plastiki kuzuia changarawe, wanasubiri mwendeshaji apite awape mkono baada ya mbio, sasa huo ni uzee gani?

Kuna jambo lingine ambalo napenda sana kwenye daraja hili na sikulipata kwenye mpira. Timu ikipata majeruhi inaruhusiwa kuazima mwendeshaji wa timu nyingine kwa mechi moja, anaitwa mgeni. Kwa hiyo unaweza ukamzomea mtu wiki hii, wiki ijayo amevaa jezi yako anakupigania, na ukimaliza unamshukuru kwa dhati maana amehatarisha shingo yake kwa ajili ya timu isiyo yake. Wenye mpira wanaona ni vurugu, wanasema ligi gani hiyo. Mimi naona ni ya watu wanaojua kwamba bila jirani hakuna mechi. Na hatari yenyewe sio ya kusimuliwa, nimewahi kuona watu wawili wameanguka kona ya pili, taa nyekundu zikawaka, uwanja mzima kimya mpaka ukasikia trekta limezimwa, na wa kwanza kukimbilia pale alikuwa fundi wa timu pinzani akiwa na spana bado mkononi.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni hili. Makala ile irekebishwe, mwandishi wenu asiwaambie vijana wanaoanzisha klabu kwamba shinda tu mengine yatakuja. Aandike nani mwenye uwanja, mkataba wa miaka mingapi, mlangoni wanaingia wangapi, hayo ndio maswali. Na ukurasa wa michezo wa Jumatatu uache hata kona ndogo kwa michezo kama hii, maana Ligi Kuu ya Uingereza tunaijua mpaka majina ya wapishi wao, na kuna Waswahili wengi tu huku Glasgow, Plymouth, Middlesbrough, ambao wanaishi mwendo mfupi kutoka kwenye uwanja wa spidwei na hawajui ile ngurumo wanayoisikia jioni ni ya nini.

Comets wenyewe walirudi 2023. Sio Derwent Park tena, ni Northside, upande mwingine wa mji, wakaanzia chini kwenye daraja la tatu na vijana wadogo. Nilienda, upepo wa bahari unapiga pale mpaka programu inataka kuruka mkononi. Nikajaza hiti zote bila kuruka hata moja, na kila iliyoisha nilikuwa nageuka pembeni kutaka kumuuliza mzee kama jumla yangu iko sawa.

Kama mtakubali, msimu ukianza nitawatumia matokeo ya kila mechi ya nyumbani, hiti kwa hiti, usiku ule ule kabla sijaingia shifti. Malipo sitaki, nafasi tu.

Msomaji wenu,
Workington, Cumbria