Kura ya simu: kwanza waalikwe wavunjaji

Ndugu Mhariri,

Hapa mwaloni Kirumba gumzo ni kwamba nasi tupigie kura kwenye simu, kwa kuwa hata dagaa tunalipana kwa simu. Hoja hiyo haikai sawa. Pesa ikipotea, salio litakuonesha na utadai urudishiwe. Kura ni siri. Ikibadilishwa kimyakimya, nani atajua?

Estonia wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005. Tangu 2013 mpiga kura anaweza kuhakiki kwa simu kwamba kura yake imefika kama alivyoipiga. Tena anaruhusiwa kurudia, na ya mwisho ndiyo huhesabiwa, hivyo aliyesimamiwa na mume au bosi ana pa kutokea. (Kwetu hilo si dogo, maana simu moja huzunguka nyumba nzima.)

Lakini mwaka 2010 jiji la Washington, Marekani, liliruhusu watu waujaribu mfumo wake kabla ya uchaguzi. Mwalimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan waliuvunja ndani ya saa 48, wakabadilisha kura zote. Wasimamizi walikuja kushtuka baadaye, wimbo wa chuo hicho ukimpigia kila aliyemaliza kupiga kura!

Wanaotaka mfumo huu waanzie hapo: programu iwe wazi, wavunjaji waalikwe mapema. Leo wakala wa chama asiyejua kompyuta huona karatasi zikihesabiwa na matokeo yakibandikwa kituoni. Kwenye kura ya simu, yeye atasimama wapi?

Mchuuzi wa dagaa,
Kirumba, Mwanza