Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: marejesho yetu yafuate giza la ziwani

Mwanza, Februari 2026

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa katibu wa kikundi cha akina mama wachuuzi wa dagaa katika mwalo mmoja wa mkoa wako. Jina la mwalo naliacha makusudi, maana ninalolileta si la mwalo mmoja. Ukienda Igombe, ukienda Kayenze, ukivuka mpaka Ukerewe na Ukara, utawakuta akina mama wanasema hilohilo.

Najua meza yako ina makaratasi mengi, kwa hiyo naanza na ombi lenyewe. Tunaomba mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, inayotolewa na halmashauri za mkoa huu, pale inapopewa vikundi vinavyoishi kwa dagaa, ipangiwe siku za marejesho kwa kufuata giza na mbalamwezi badala ya tarehe ileile ya kila mwezi. Hatuombi kusamehewa deni. Hatuombi hata muda wa mkopo uongezwe. Tunaomba siku tu zisogezwe.

Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri, lakini kazi ni ileile: usiku wa giza taa huwashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unawazunguka. Mwezi ukipevuka ziwa zima linakuwa na mwanga, taa ya mvuvi haina wa kumwita. Basi mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinatandazwa zishonwe, vijana wanalala au wanacheza bao. Siku hizo, kama kumi hivi kuuzunguka mwezi mpevu, mwaloni hakuna mnada wa alfajiri. Hakuna ndoo ya kununua, kwa hiyo hakuna cha kuanika wala cha kupeleka soko la Kirumba. Mama anayeishi kwa kununua dagaa wabichi asubuhi na kuwauza wakavu jioni au kesho yake, siku hizo hana shilingi inayoingia.

Sasa chukua kalenda ya mwaka jana, Mheshimiwa. Mwezi ulipevuka tarehe 10 Julai, 9 Agosti, 7 Septemba, 7 Oktoba, 5 Novemba na 4 Desemba. Kikundi kilichopangiwa kurejesha kila tarehe 7 kilirejesha katikati ya mbalamwezi kwa miezi sita mfululizo. Kikundi cha jirani kilichopangiwa tarehe 22 kilirejesha gizani miezi yote sita, siku ambazo mwalo umejaa na hata mtoto wa shule anapata buku kwa kugeuza dagaa kwenye kichanja. Wanachama wa vikundi hivyo wanaweza kuwa na bidii sawa na uaminifu sawa. Mwisho wa mwaka kimoja kitaandikwa kwenye faili kuwa ni kikundi kizuri, kingine kitaandikwa ni wadaiwa sugu, na aliyeamua nani awe nani ni ofisa aliyechagua tarehe bila kuutazama mwezi.

Sisi tulikuwa wa tarehe za mwanzo. Siku ya marejesho ikifika katikati ya mbalamwezi, kuna mambo mawili ambayo mwanachama anaweza kufanya. La kwanza ni kuliuza gunia alilolitunza. Kila mchuuzi mwenye akili hujitahidi abakize japo gunia moja gizani, kwa sababu siku dagaa wakiadimika bei hupanda. Lakini ukiwa na marejesho kesho, huwezi kuisubiri hiyo bei. Dalali anakuona usoni kwamba una haraka, anakutajia bei yake, unapokea. Faida ya mwezi mzima inaishia hapo.

La pili ndilo linalotuua: mikopo ya mitaani ya riba kubwa, tunayoiita kausha damu. Nitasema wazi kwa sababu mambo haya yanafanyika mchana kweupe. Kijana anakuja na pikipiki mpaka kwenye vichanja vyetu, ana daftari na kalamu, anakuachia laki mbili, anaondoka na kitambulisho chako cha NIDA. Ndani ya siku thelathini urudishe laki mbili na sitini. Ukichelewa kuna faini, na faini nayo ina siku zake. Mwenzetu mmoja alichukua ili amalizie fungu lake la marejesho ya halmashauri, mkopo ambao wenyewe hauna riba hata senti. Walikuja wakachukua godoro na jiko la gesi, tena mbele ya wakwe zake. Wiki mbili hakuonekana mwaloni. Aliporudi alikuwa na deni lingine, la kulipia lile.

Benki Kuu imeshaweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa laki mbili hiyo ni shilingi elfu saba. Yeye alitozwa elfu sitini. Novemba 2024 Benki Kuu hiyohiyo ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na tukashukuru, lakini kijana wa pikipiki hayumo kwenye simu na wala hana ofisi. Huyo polisi na watendaji wa kata wanaweza kumpata wakitaka. Sipendi kulirefusha hili, maana ukimfukuza kijana huyo leo bila kugusa tarehe za marejesho, kesho atakuja mwingine na daftari jipya.

Najua utaulizwa na wasaidizi wako: kwa nini wasijiwekee akiba, si wana VICOBA? Tunazo. Tunanunua hisa kila wiki, tuna mfuko wa jamii, tunakopeshana, na Desemba tunavunja na kugawana. VICOBA imesomesha watoto wetu na imezika wazee wetu. Ila VICOBA hufanya kazi pale mmoja anapougua na wenzake ni wazima. Mbalamwezi haimshiki mmoja. Inatushika sote thelathini usiku mmoja, na sanduku lenye funguo tatu linakuwa tupu siku ileile ambayo kila mtu analihitaji. Ndiyo maana tunauhitaji mkopo wa nje ya mwalo, na ndiyo maana mkopo huo ukija na tabia za mtu asiyelijua ziwa unatuumiza kuliko kutokuwepo.

Na huu si mwaka wa kawaida. Sangara wamepungua, vijana wengi waliokuwa wakienda sangara wamehamia dagaa, tunagombania ndoo zilezile. Mafuta ya injini yalipanda 2022 dunia nzima ilipotikisika na vita ya Ukraine, na nauli ya boti kutoka visiwani haikushuka tena ikarudi ilipokuwa. Wateja wa Kongo si wa kutegemea kama zamani tangu mji wa Goma uchukuliwe na waasi wa M23 Januari 2025. Mtu anakuja leo akiwa na lori, mwezi ujao simu yake haipatikani. Masika nayo ikiingia, dagaa wakinyeshewa mchangani wanageuka rangi na kwenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kuku. Mama mwenye mtaji mdogo anavumilia moja ya hayo, pengine mawili. Yakija yote kwa pamoja, tarehe mbaya ya marejesho ndiyo inayommaliza.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu mikopo yenyewe. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2018 na kuzibana halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba, wapo wanawake wa ziwa hili waliotoka kwenye beseni wakafika kwenye gunia. Iliposimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, hatukulalamika sana. Tuliwajua baadhi ya hao hewa, walikuwa na katiba nzuri na akaunti ya benki na hawakuwa na hata ungo wa dagaa. Iliporudi 2024 ikiwa na ukaguzi mkali zaidi, tulifurahi. Tuliandika andiko, tukapitishwa kwenye kata, tukasubiri, tukapata. Ofisa maendeleo ya jamii aliyetushika mkono alifanya kazi nzuri. Ila siku ya kupanga ratiba hakuna aliyetuuliza tunavua lini.

Mkulima wa pamba wa Kwimba hakuna anayemdai marejesho Februari hii pamba ikiwa bado shambani. Kila mtu anaelewa msimu wa pamba kwa sababu msimu ule unaonekana kwa macho mchana. Wetu unaonekana usiku, ofisi zikiwa zimefungwa.

Tukiuliza mitaani tunajibiwa kwamba mfumo wa kompyuta unataka tarehe moja. Sitaki kubishana na kompyuta. Lakini ratiba ya mwaka mzima inaweza kuandikwa tangu mwanzo, tarehe kumi na mbili tofauti, kila moja ikiwa siku chache kabla giza halijaisha, mchuuzi akiwa bado na fedha ya mauzo mkononi. Mwezi hauna siri. Tarehe zake zinajulikana miaka mingi mbele, misikitini wanazifuatilia, na BMU zetu, vile vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni, wanazijua bila kuangalia karatasi. Ofisa uvuvi akikaa na ofisa maendeleo ya jamii asubuhi moja wanaimaliza kazi hii.

Kuna jambo la pili, dogo, ambalo halihitaji kanuni yoyote. Pale mwaloni lipo bango la ushuru, lipo bango la kukataza nyavu haramu. Hakuna bango linalomwambia mama aliyekwama aende wapi. Wengi hawajui kwamba mtu mwenye ulemavu ana fungu lake kwenye ile asilimia kumi. Wengi wanadhani TASAF ni ya kuomba kama mkopo, wakati ni mpango wa kunusuru kaya maskini ambazo hutambuliwa na jamii yenyewe kijijini au mtaani. Wengi walisikia kwamba Rais alikuja Mwanza mwanzoni mwa 2024 kukabidhi boti na vizimba vya mkopo usio na riba, lakini hawajui njia ya kuingilia ni ipi wala kama kikundi cha wanawake kinaweza kuomba. Kijana wa pikipiki anajulikana na kila mtu kwa sababu anakuja. Bango lenye maneno manne matano, jina la ofisi na siku ambayo ofisa atakuwepo hapo mwaloni, si gharama kubwa kwa mkoa. Na ofisa huyo akipanga kuja siku za mbalamwezi atatukuta sote tumekaa, tutamsikiliza vizuri.

Kwa upande wetu, kikundi kiko tayari kuwa cha majaribio. Tupeni ratiba ya namna hiyo kwa mwaka mmoja, mlinganishe marejesho yetu na ya vikundi vingine vya dagaa vilivyobaki kwenye tarehe moja. Tukishindwa, turudisheni kwenye utaratibu wa kawaida na msitusikilize tena.

Nakuomba hili liamuliwe kabla ya mwisho wa Aprili. Mwaka huu Mei ina mwezi mpevu mara mbili, tarehe 1 na tarehe 31. Wa marejesho ya mwanzo wa mwezi na wa marejesho ya mwisho wa mwezi, wote watakuwa kwenye mbalamwezi, na waliokopeshwa kwa tarehe hizo ni wengi.

Wako katika ujenzi wa mkoa,

Katibu, kikundi cha wanawake wachuuzi wa dagaa
Mwanza