Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyechukua maji ya kisima chetu

KUH: MAJIBU YA MAJI NA MKOJO WA WATOTO WETU

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Uyombo, Kilifi. Natumaini u mzima, na maji unayokunywa huko ofisini ni ya chupa.

Mimi ni mama karanga. Nanunua tafi na changu wavuvi wanaporudi, nakaanga, nauza jioni. Ni mimi pia niliyeombwa na mzee wa kijiji kuwapitisha vijana wako nyumba kwa nyumba, ndiyo maana barua hii naandika mimi na si mwingine. Nyumba zote zile zinanidai mimi majibu.

Walikuja wanne kwa gari jeupe, na makasha mawili ya barafu. Walisema kabla ya mtambo wa nyuklia kujengwa ni lazima ijulikane afya ya watu wa hapa ikoje, ili baadaye pawe na cha kulinganisha. Hilo nililikubali, na hata leo nalikubali. Wakateka maji katika kisima cha mama mkwe. Wakachukua mkojo wa watoto saba, mjukuu wangu akiwemo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, mama mkwe akatia dole gumba akiuliza, "Hii yasemaje?" Akaambiwa ni ya kawaida tu. Nikawakaangia samaki, sikudai shilingi. Majibu tuliahidiwa baada ya miezi mitatu.

Tukahesabu mitatu, tukahesabu na mwaka. Mei 2024 watu wakaandamana hapa kuupinga mtambo, wengine wakarudi nyumbani na majeraha. Tulisikia mtambo ni wa megawati 1,000, ungeanza kujengwa 2027 na kuwashwa 2034. Kisha macho ya wenye mtambo yakageuzwa Siaya, kule Ziwa Victoria. Labda faili letu lilipanda basi likaenda huko. Sijui. Naomba mtusaidie kulitafuta.

Alhamisi iliyopita likaja gari jingine, maswali yale yale, fomu ile ile ya Kiingereza. Nikamuuliza kijana, mpole kabisa, majibu yetu ya kwanza yako wapi? Akanijibu, "Mama, hiyo ni data ya mradi." Mheshimiwa, mkojo wa mjukuu wangu umekuwa lini mali ya mradi? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wamekuja mara mbili. Wenyeji bado tunangoja kupona.

Usinielewe vibaya. Mtambo haujajengwa, siwezi kuulaumu mtambo ambao haupo. Lakini mjukuu wangu hanenepi, anachoka upesi, na kila nikimtazama najiuliza kama kuna karatasi mahali fulani inayojua kitu nisichokijua. Sokoni nako wateja wameanza kunitania, wengine hawatanii: "Mama, hawa si samaki wa nyuklia?" Jumamosi nilirudi na nusu ya karai. Hakuna miale yoyote iliyotoka popote, ila biashara yangu imeshaungua, kwa sababu watu waliona mkipima na hawakusikia mlichopata.

Nimejaribu kukisia. Labda barafu iliyeyuka njiani, maji yakaharibika. Labda mkubwa alibadilishwa. Labda mlipata kitu. Labda hamkupata chochote, mkaona si habari. Kwetu hiyo ndiyo habari! Hata kama ni barafu, semeni ni barafu, tutacheka, tutawatekea mengine.

Binti yangu alinisomea kwenye simu kuhusu Ujerumani. Utafiti wao wa 2007 ulikuta watoto wa chini ya miaka 5 wanaoishi ndani ya kilomita 5 kutoka mitambo ya nyuklia wanapata saratani ya damu kama mara mbili ya wenzao. Wataalamu wenyewe wakasema mionzi ile ni midogo mno kuwa sababu, na kisa hakijajulikana. Sikushtushwa na hiyo mara mbili. Nilishangaa kwamba waliweza kuhesabu: daftari la saratani za watoto wamelifungua tangu 1980. Sisi daftari letu liko wapi? Pale zahanati nimeuliza, nikaonyeshwa la chanjo. Siku mtoto wa Siaya au wa hapa akiugua, mtasema ni mawe ya asili, kwa kuwa mlima Mrima kule Kwale nao una mionzi yake tangu zamani. Tutajibu nini, bila namba za kabla?

Na kijiji cha Owino Uhuru ni hapo Mombasa tu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014, Mahakama ya Juu ikawarudishia wanakijiji fidia yao ya shilingi bilioni 1.3 Desemba 2024. Miaka kumi, Mheshimiwa. Na madini ya risasi, sumu ya zile betri, yalikuwa kwenye damu yao muda wote huo.

Tunataka watu wa kijiji wawemo kwenye kamati, wajue kinachopimwa na kwa nini. Tunataka fomu za Kiswahili. Katiba ya 2010 inasema habari ni haki yetu, Ibara ya 35. Lakini hayo yote yanaweza kungoja wiki mbili. Karatasi haiwezi. Nataka karatasi ya kisima na karatasi ya mtoto, kwa Kiswahili, zisomwe barazani chini ya mwembe, na aliyepima awepo tumuulize.

Mama mkwe ameniuliza tena asubuhi ya leo, ndoo mkononi. Nikamwambia watakuja. Akaishusha kisimani.

Wako mtiifu, bado,
Mama Karanga, Uyombo