Kipimo cha saa 8 hakimlindi anayefanya kazi saa 12

Mhariri,

Viwango vya juu vinavyoruhusiwa vya kemikali hewani mahali pa kazi, vikiwemo vya jedwali la kanuni za Kenya za mwaka 2007 kuhusu vitu vya hatari, vimekadiriwa kwa mtu wa saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Mpuliza rangi wa gereji huingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 1 jioni. Anavuta sumu kwa muda mrefu zaidi, kisha mwili unabakiwa na saa 12 za kuitoa badala ya 16.

Hesabu ya kurekebisha ipo. Gawanya 8 kwa saa za zamu, halafu zidisha kwa saa za mapumziko zilizogawanywa kwa 16. Kwa saa 10 unapata 0.7, kwa saa 12, 0.5; namba hiyo ndiyo unayozidisha na kiwango. Toluini, kemikali iliyomo kwenye thina nyingi za kuyeyushia rangi, Umoja wa Ulaya umeiwekea sehemu 50 kwa milioni. Kwa zamu ya saa 12 iwe 25.

Tena thina haina kemikali moja. Tuseme hewa ina toluini 30 na zaileni, kemikali nyingine ya thina, 25, na kila moja kiwango chake ni 50. Ukizikagua mojamoja, zote zimefaulu. Lakini zote mbili hulevya ubongo, kwa hiyo hujumlishwa: 30/50 na 25/50 ni 1.1, na mwisho unaoruhusiwa ni 1. Kwa saa 12 jumla inafika 2.2. Huyo mtu yuko hatarini, na cheti cha ukaguzi kinasema yuko salama!

Upimaji nao huharibika kirahisi. Pampu ndogo ya kuvuta hewa hufungwa kiunoni, na kijibomba chenye mkaa wa kunasa kemikali, wa mbele na wa nyuma, hubanwa kwenye kola, ndani ya sentimita 30 kutoka puani. Ukikitundika ukutani karibu na dirisha umepima dirisha. Maabara ikikuta mkaa wa nyuma umebeba zaidi ya asilimia 10 ya uliobebwa mbele, kemikali imepenya na namba ni ndogo kuliko ukweli: rudia. Kuosha bunduki ya rangi kupimwe peke yake, dakika 15, maana wastani wa siku huficha mvuke mwingi wa muda huo mfupi.

Tunaiomba wizara ya kazi iweke kanuni ya saa na ya mchanganyiko ndani ya jedwali lenyewe, na mkaguzi ajaze saa halisi za zamu kwenye fomu kabla ya kujaza namba ya maabara.

Wapimaji wa hewa kazini,
Mombasa