Harambee ya Hadubini: Wanafunzi Waione Seli Ikifanya Kazi

Wazazi, wanafunzi wa zamani na marafiki wa shule,

Ndani ya kila seli yetu mna wapagazi. Kinesini ni protini yenye miguu miwili. Hutembea juu ya mikrotubuli, uzi wa protini ndani ya seli, kwa hatua za nanomita 8, na kila hatua hula molekuli 1 ya ATP, kemikali inayoipa seli nishati. Mwenzake, dineini, huelekea upande wa pili. Katika kiinitete cha binadamu, dineini huzungusha silia, vinyweleo vya seli, zinazosukuma majimaji kuelekea kushoto, na hivyo moyo hupata upande wake. Dineini hiyo ikiwa na hitilafu, karibu nusu ya wenye hitilafu hiyo huzaliwa viungo vya ndani vimegeuka, moyo kulia na ini kushoto. Silia za njia ya hewa nazo hazipigi, makohozi hukwama, na maambukizi ya mapafu hurudi kila mara.

Nanomita 8 hazionekani kwa hadubini ya shule, tuseme wazi. Kinachoonekana ni kazi. Weka jani la hidrila, mmea wa majini, kwenye tone la maji, limulike dakika 15: kloroplasti, chembe za kijani za seli, huanza kuzunguka kando ya ukuta wa seli, moja nyuma ya nyingine kama siafu. Zinabebwa na miosini, mpagazi mwingine wa protini.

Kuona seli zikigawanyika katika mzizi wa kitunguu, kata milimita 2 za ncha tu. Juu ya hapo seli zimeshaacha kugawanyika. Dakika 5 katika asidi hidrokloriki ya mola 1 kwa lita, nyuzi 60 za Selsiasi, kisha suuza, tia rangi ya orseini, funika, bonyeza wima. Muda wa asidi ukipunguzwa seli hubaki zimerundikana. Kidole kikiteleza, zinachanika.

Haya yote yanataka lenzi safi ya kukuza mara 40. Zetu zimeota ukungu kwa unyevu wa pwani. Imebaki hadubini 1.

Tunaomba hadubini 6 zenye taa ya kuchaji, slaidi na vifuniko vyake, orseini, na kabati la kufunga kabisa lenye chembe za silika za kunyonya unyevu. Kabati lije kwanza, la sivyo hadubini mpya zitaota ukungu vilevile. Anayetaka kutoa kifaa badala ya fedha atuulize kabla ya kununua: zenye lenzi za plastiki hazitufai.

Tukutane ukumbini Jumamosi ya mwisho wa muhula, saa 4 asubuhi. Michango hupokelewa na mhasibu, kwa risiti. Hadubini iliyobaki itakuwa mezani, jani la hidrila chini ya lenzi. Kila afikaye achungulie.